Paa Moja, Serikali Mbili

Katikati ya jiji la Chicago, Marekani, kuna jengo moja linalokaliwa na serikali mbili. Upande wa magharibi, unaotazama barabara ya LaSalle, ni ofisi za jiji. Upande wa mashariki, unaotazama barabara ya Clark, ni ofisi za Kaunti ya Cook. Orofa ni 11 kila upande, nguzo za mawe ni zilezile, na ukipita hapo kwa miguu huwezi kujua jiji linaishia wapi na kaunti inaanzia wapi. Jengo limesimama hivyo tangu 1911.

Tofauti iko juu. Ukitazama picha zilizopigwa kutoka angani mwanzoni mwa miaka ya 2000, unaona paa limegawanyika kama mkate uliokatwa kwa kisu: nusu ya jiji ni bustani, nusu ya kaunti ni lami nyeusi. Tarehe 9 Agosti 2001, saa nane kasorobo mchana, joto la pande zote mbili lilipimwa. Upande wenye mimea, uso wa paa ulikuwa kati ya nyuzi 33 na 48 za Selsiasi, kutegemea umepima sehemu gani. Upande wa lami ulikuwa nyuzi 76. Jengo moja, jua moja, saa moja.

Nimeifuatilia stori ya paa hili kwa muda sasa, na sababu yangu iko hapa nyumbani. Kila mara mtu akitaja "majengo ya kijani" Nairobi, maongezi huishia kwenye vioo, cheti kilichotundikwa pale mapokezi, na kodi ya ofisi kupanda. Swali la nani alipe na nani apoe huwa halifiki mezani. Chicago walilijibu kwa vitendo, kwa pesa za umma, na jibu lao lina mambo mengi ambayo hayaandikwi kwenye vipeperushi.

Orofa ya juu

Turudi nyuma miaka sita kabla ya kipimo kile. Alhamisi, tarehe 13 Julai 1995, kipimajoto katika uwanja wa ndege wa Midway kilisoma nyuzi 41. Kwa sababu ya unyevu wa hewa, mwili ulihisi kana kwamba ni zaidi ya 48. Usiku nao haukuleta nafuu. Watu walifungua mabomba ya wazima-moto barabarani ili wajimwagie maji, presha ikashuka kwenye nyumba za jirani. Stima ikapotea katika maelfu ya nyumba. Zaidi ya hospitali 20 zilifika mahali zikawa zinarudisha ambulansi kwa kukosa nafasi. Mochari ya kaunti ikajaa, malori ya friji yakaletwa na kuegeshwa nje.

Dkt. Edmund Donoghue, mkuu wa uchunguzi wa vifo wa kaunti, alikuwa akihesabu mamia ya waliouawa na joto. Meya wa jiji, Richard M. Daley, akaitilia shaka hesabu hiyo mbele ya wanahabari. Ona tena zile serikali mbili: kaunti inahesabu maiti, jiji linabishana na hesabu. Baadaye watafiti walilinganisha vifo vya siku zile na vya Julai ya kawaida, wakapata vifo 739 vya ziada. Daktari hakuwa ametia chumvi.

Wengi wa waliokufa walikuwa wazee, maskini, na wakiishi peke yao. Miili mingine haikudaiwa na mtu yeyote, ikazikwa katika kaburi moja la pamoja. Wataalamu wa CDC, taasisi ya serikali kuu inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, walichunguza waliokufa na majirani zao walionusurika ili kujua nini kiliwatofautisha. Mambo yaliyoongeza hatari yalikuwa ya kawaida kabisa: kutokuwa na kiyoyozi, kuishi peke yako, kutotoka nje kila siku, na kuishi orofa ya juu.

Orofa ya juu. Hebu tusimame hapo kidogo. Sisi tunaojua kuishi chini ya mabati bila dari tunajua joto la saa nane mchana, lile linalokutoa nje ya keja utake usitake. Lakini mabati hupata joto upesi na kupoa upesi. Matofali na lami hufanya kazi tofauti. Hunywa jua mchana kutwa, kisha yakakurudishia pole pole usiku, wakati ambapo mwili ulitakiwa kupumzika. Mzee aliyejifungia orofa ya juu kabisa, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi, alikuwa amelala chini ya jiko ambalo halikuzimwa.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema paa ni urembo tu wa jengo, mkumbushe Julai 1995.

Hesabu ya mtungi

Daley alikuwa meya tangu 1989, mwana wa meya mwingine aliyetawala jiji hilohilo kwa miaka 21. Alipenda miti na maua, na alikuwa ameona mapaa ya mimea Ujerumani. Huko Ujerumani jambo hili halikuwa geni. Mji wa Stuttgart ulikuwa ukiwapa wenye majengo ruzuku ya kupanda mimea juu ya mapaa tangu 1986.

Mwaka 1998 shirika la mazingira la serikali kuu ya Marekani likachagua miji mitano ya kufanyia majaribio ya kupunguza joto la mjini, Chicago ikiwa mmoja wao. Jiji likaamua kuanza na paa lake lenyewe. Kazi ilianza mwaka 2000, mbunifu William McDonough akiwa miongoni mwa walioisanifu. Bustani ilifunika takribani futi za mraba 20,300, ikapandwa mimea zaidi ya 20,000 ya spishi zaidi ya 100, na baadaye mizinga ya nyuki ikawekwa humo. Gharama ilikuwa dola milioni 2.5. Pesa hizo zilitokana na makubaliano baina ya jiji na kampuni ya umeme ya Commonwealth Edison. Kaunti, kwa upande wake wa jengo, haikufanya kitu. Lami ikabaki lami, na bila kukusudia ikawapa watafiti kielelezo cha kulinganisha.

Jinsi paa la aina hii linavyofanya kazi si uchawi. Juu ya zege kunatandazwa utando wa kuzuia maji yasivuje, kisha safu ya kupitisha maji ya ziada, kisha udongo mwepesi uliochanganywa maalumu, kisha mimea inayovumilia jua na upepo. Jua linapopiga, sehemu ya nguvu yake huishia kugeuza maji ya kwenye majani na udongo kuwa mvuke. Ni hesabu ya mtungi wa nyanya. Maji hupenya ukuta wa udongo, hugeuka mvuke, huondoka na joto, na yale yanayobaki ndani ni baridi bila stima hata kidogo. Halafu mvua ikinyesha, udongo huinywa kwanza, mitaro ya jiji ikapata muda wa kupumua.

Hadi hapo hadithi ni nzuri. Meya kabishana na takwimu za vifo, kisha miaka michache baadaye kapanda bustani juu ya kichwa chake mwenyewe. Lakini paa la ofisi ya meya ni moja. Jiji lina maelfu na maelfu ya mapaa ya watu binafsi: maduka, maghala, hoteli, ofisi. Huwezi kumwamuru kila landilodi apande majani. Unaweza kumshawishi. Na ushawishi, kama tunavyojua, una bei.

Ruzuku mbili

Mwaka 2005 idara ya mazingira ya Chicago ilianza kutoa ruzuku za mapaa ya kijani. Kila ruzuku ilikuwa na kikomo cha dola 5,000, na ililenga nyumba za watu na majengo madogo ya biashara, yale ambayo yamekalia ardhi isiyozidi futi za mraba 10,000. Awamu ya kwanza walipewa waombaji 20.

Tupige hesabu. Paa la kijani la aina nyepesi kabisa Marekani wakati ule lilianzia kama dola 10 kwa kila futi ya mraba. Duka dogo lenye paa la futi 1,000 lingehitaji dola 10,000, kwa hiyo ruzuku ingelipia nusu. Jengo lililo karibu na kikomo, lenye paa la futi 9,000, lingehitaji dola 90,000, na ruzuku ingekuwa kama kumpa mtu nauli ya kwenda Thika na kumwambia afike Kisumu. Hata yule mwenye duka dogo bado alitakiwa atafute zile 5,000 nyingine, na kabla ya hapo amlipe mhandisi athibitishe kwamba nguzo za zamani zinaweza kubeba uzito wa udongo uliolowa.

Mwaka 2006 ikaja ruzuku ya pili. Hii ilitengewa dola 500,000. Ilimlipia mwenye jengo hadi nusu ya gharama, isizidi dola 100,000 kwa mradi mmoja. Ni mara 20 ya ile ya mwenye duka. Sharti lake lilikuwa eneo: jengo lazima liwe ndani ya Central Loop, yaani kitovu cha biashara cha jiji, huko kwenye maghorofa.

Kwa nini huko? Hapa inabidi nieleze mtambo wa kodi unaoitwa TIF, na nitajaribu kutokuchosha. Tuseme mtaa fulani unalipa kodi ya majengo shilingi 100 kwa mwaka. Jiji linachora mstari kuuzunguka mtaa huo na kusema: kuanzia leo, shule, bustani za umma, kaunti na wengine wataendelea kugawana ile 100. Mtaa ukipanda thamani na kodi ikafika 300, zile 200 za ziada zinaingia kwenye mfuko maalumu, na mfuko huo unatumika ndani ya mstari, ama kwenye mtaa mwingine wa TIF unaopakana nao. Mpango unaweza kwenda hadi miaka 23.

Sheria ya jimbo la Illinois iliyoruhusu jambo hili ilitungwa 1977 kwa ajili ya mitaa iliyochakaa, ile ambayo mwekezaji haikanyagi bila kubembelezwa. Mstari wa kwanza kabisa Chicago ulichorwa 1984, nao ulichorwa katikati ya jiji. Sasa fikiria mwenyewe. Mfuko unaokua kwa kadiri ardhi inavyopanda bei utanenepa wapi? Utanenepa pale ambapo ardhi inapanda bei. Mtaa ambao bei haipandi, mfuko wake ni debe tupu. Hakuna aliyehitaji kukaa chumbani na kupanga njama dhidi ya maskini. Mtambo wenyewe ulikuwa umeshaamua.

Juu ya ruzuku kulikuwa na motisha nyingine mbili ambazo hazikutoa hata senti mkononi. Ya kwanza ni kibali cha haraka: tangu 2005, mwenye mjengo uliotimiza masharti ya kijani aliweza kupata kibali cha ujenzi ndani ya siku 30 za kazi, na akasamehewa baadhi ya ada. Aliyewahi kuzunguka ofisi za kanjo na bahasha ya michoro anajua hiyo ni zawadi ya thamani gani. Ya pili ni orofa za ziada: kwa sheria za mipango za 2004, jengo la katikati ya jiji likifunika nusu ya paa lake kwa mimea, liliruhusiwa kujengwa kubwa kuliko kiwango cha kawaida. Kwa mabwanyenye wa majengo, nafasi ya ziada ya kupangisha inashinda ruzuku yoyote.

Na mambo yakajipa, hatuwezi kukataa. Kufikia 2010, hesabu ya jiji kwa kutumia picha za setilaiti ilipata mapaa ya kijani zaidi ya 350, yenye jumla ya takribani futi za mraba milioni 5.5. Kuna bustani ya umma, Millennium Park, iliyofunguliwa 2004, ambayo yenyewe ni paa: chini yake kuna maegesho ya magari na reli. Chicago ikawa mfano wa kutolewa kila kongamano.

Barabara mbili

Sasa weka pembeni ramani ya mapaa, uchukue ramani ya vifo.

Mwaka 2002 mwanasosholojia Eric Klinenberg alichapisha kitabu kiitwacho Heat Wave kuhusu joto la 1995. Sehemu yake iliyonikaa zaidi inahusu mitaa miwili inayopakana magharibi mwa jiji: North Lawndale, uliokaliwa zaidi na Wamarekani weusi, na South Lawndale, unaojulikana kama Little Village, uliokaliwa zaidi na watu wenye asili ya Mexico. Hali ya hewa ni ileile. Idadi ya wazee maskini, na ya wazee wanaoishi peke yao, haikutofautiana sana. Lakini North Lawndale walikufa watu 19, na South Lawndale watatu.

Klinenberg alitembea barabara za mitaa yote miwili kutafuta sababu. Little Village kuna barabara ya 26, yenye maduka, wauza chakula, saluni na umati wa watu asubuhi hadi jioni. Mzee aliyelemewa na joto nyumbani aliteremka, akavuka barabara, akaingia duka lenye kiyoyozi, akaangalia bei za vitu asivyonunua, akapiga gumzo na muuzaji. Asipoonekana siku mbili, mtu aliuliza yuko wapi. Sisi tungesema mama mboga angemuulizia.

North Lawndale haikuwa na barabara kama hiyo. Hapo zamani ilikuwepo. Kampuni ya Sears ilikuwa na makao yake makuu mtaani humo hadi ilipohamia jengo lake jipya katikati ya jiji miaka ya 1970. Viwanda vikubwa vya karibu vilifungwa. Ghasia za 1968, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, ziliteketeza maduka mengi ambayo hayakujengwa tena. Mwaka 1960 mtaa ulikuwa na watu karibu 125,000. Kufikia 1990 walibaki kama 47,000. Palipokuwa na duka pakawa na kiwanja kitupu. Mzee hakuwa na mahali pa kwenda, na njia ya kufika huko asikokuwa na sababu ya kwenda ilimtisha. Akafunga mlango.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Tukizungumzia jengo la biashara lililo rafiki kwa mazingira, tunafikiria kuta zake: linatumia stima kiasi gani, paa lake lina nyuzi ngapi. Barabara ya 26 inatufundisha kipimo kingine. Duka lililo wazi, la kufikika kwa miguu, ambalo mtu anaweza kuingia bila kununua, lilikuwa kinga dhidi ya joto hata kama paa lake lilikuwa la lami nyeusi. Na mtaa ambao maduka yake yalikufa ulikuwa hatarini hata kabla jua halijachomoza.

Sasa rudi kwenye zile ruzuku. Ya dola 5,000 ilimhitaji mwenye duka. North Lawndale ilikuwa imepoteza wenye maduka. Ya dola 100,000 ilihitaji uwe ndani ya mstari wa Central Loop. Orofa za ziada zilikuwa za katikati ya jiji. Kibali cha haraka kilihitaji mtu anayejenga. Kila mlango ulifunguliwa kwa ufunguo mmoja, nao ni jengo ambalo tayari lina thamani. Joto la 1995 ndilo lililolifanya jiji liogope, lakini ruzuku iliyofuata ilimtafuta mwenye jengo, wakati joto lilikuwa limemtafuta asiye nalo.

Najua jibu la upande wa pili, na lina uzito. Hewa haina mipaka, watasema, paa lililopoa katikati ya jiji linapunguza matumizi ya viyoyozi, na hivyo kupunguza mzigo wa stima kwa wote. Isitoshe, ruzuku za mwanzo ziliwafunza mafundi, zikaleta wauzaji wa udongo na mimea, na bila hao hata duka la mtaani lisingepata wa kulijengea. Ni kweli. Mtaalamu hazaliwi bila mteja wa kwanza, na mteja wa kwanza mara nyingi ni mwenye chapaa. Lakini mteja wa kwanza akiwa ndiye pia wa mwisho, hapo mafunzo yamefanyika kwa hasara ya umma.

Na mfuko nao haukuwa wa milele. Mwishoni mwa 2011, chini ya meya mpya Rahm Emanuel, idara ya mazingira ya Chicago ilivunjwa na kazi zake zikagawiwa idara nyingine. Bajeti ikibana, bustani juu ya paa ni rahisi kuitwa anasa.

Kubadilishana

Kisha likatokea jambo ambalo nadhani ndilo somo halisi. Mwaka 2016 baraza la jiji la Chicago lilibadilisha sheria ya orofa za ziada. Zile bonasi za zamani za kupata nafasi kwa kujenga uwanja, bustani au paa la kijani ziliondolewa. Badala yake, anayetaka kujenga zaidi katikati ya jiji analipa pesa. Asilimia 80 ya pesa hizo zinaingia kwenye mfuko unaoitwa Neighborhood Opportunity Fund, unaotoa ruzuku kwa biashara na majengo ya biashara katika mitaa iliyoachwa nyuma kusini na magharibi mwa jiji.

Soma tena polepole. Ghorofa la mjini linalipa ili duka la mtaani lijengwe au likarabatiwe. Kwa mara ya kwanza katika hadithi hii, pesa zilivuka mstari. Mwenye kutaka kufungua duka la vyakula au mkahawa kwenye barabara iliyokufa aliweza kuomba msaada wa kununua jengo, kulirekebisha, hata kuezeka upya.

Lakini ona pia kilichotolewa ili hicho kipatikane. Bonasi ya paa la kijani ilikufa ili ruzuku ya duka izaliwe, na ruzuku ya duka haikumlazimisha mtu kufikiria joto. Kana kwamba mtaa maskini lazima uchague: ama ufunguliwe duka, ama upoe.

Si lazima kuchagua. Toronto, Kanada, walipitisha sheria mwaka 2009 iliyolazimisha majengo mapya makubwa, yaliyozidi mita za mraba 2,000, kuwa na mapaa ya kijani. Mjenzi aliyekubaliwa kupunguza kiwango hicho alilipa dola 200 za Kanada kwa kila mita ya mraba aliyoikwepa. Pesa hizo hazikuingia kwenye kapu la jumla. Ziliingia kwenye mpango wa ruzuku wa jiji uliowalipia wengine kuweka mapaa ya kijani, au mapaa meupe yanayorudisha mwanga wa jua. Changanya sheria ya Toronto na mstari uliovukwa Chicago, upate kitu ambacho miji hiyo miwili, kila mmoja kwa upande wake, iliacha nusu: anayekwepa mjini analipia kupoa kwa mtaa wa pili.

Na sisi je?

Simaanishi Nairobi ni Chicago. Hatuna wimbi la joto la nyuzi 41, na Mungu atuepushe. Lakini kati ya mwisho wa 2015 na mwanzo wa 2016 watafiti waliweka vipimajoto Kibra, Mathare na Mukuru, wakakuta mitaa hiyo ina joto kuliko kituo rasmi cha hali ya hewa cha Dagoretti. Mabati, udongo mtupu, miti michache. Joto letu nalo lina anwani.

Serikali mbili pia tunazo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 209, iliipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya mali, na tangu 2013 kaunti 47 zina uwezo huo mkononi. Nairobi kodi hii imekuwa ikihesabiwa kwa thamani ya ardhi, si ya jengo lililo juu yake. Kwa hiyo wenye ploti mbili zinazofanana wanalipa sawa, mmoja akiwa na paa linalochemka na mwingine na paa lililopoa. Na tusidanganyane kwamba ruzuku ni kitu cha wazungu. Zaidi ya mara moja kaunti imesamehe riba na faini za waliolimbikiza madeni ya kodi ya ardhi. Msamaha huo ni pesa ya umma aliyoachiwa mwenye ploti. Tofauti ni kwamba haukuombwa kurudisha chochote: hata mti mmoja, hata debe moja la rangi nyeupe.

Fikiria msamaha huohuo ukiwa na sharti. Landilodi wa mstari wa maduka ya mabati, mwenye kinyozi, mama mboga, duka la dawa na fundi simu, anasamehewa sehemu ya deni akipaka paa rangi ya kurudisha jua, akiweka dari, akiacha baraza yenye kivuli mbele, na akikubali asipandishe kodi ya wapangaji kwa muda fulani kwa kisingizio cha ukarabati. Hiyo haihitaji mbunifu wa kimataifa. Inahitaji karani wa kukagua na diwani wa kufuatilia. Sharti la kodi ya wapangaji ni muhimu kuliko yote, maana tukilisahau tutakuwa tumelipia paa lipoe kisha kinyozi afukuzwe chini yake.

Nafikiri siku hiyo ya mfuko wa majengo ya kijani itafika, kwa sababu pesa za tabianchi zinatafuta pa kwenda na magavana wanazitaka. Kutakuwa na hema, utepe, na hotuba yenye neno endelevu mara 40. Utaambiwa ni milioni ngapi. Usianze na milioni. Omba uonyeshwe ramani mbili, moja ya mapaa yatakayolipiwa na nyingine ya watu wanaoshinda kwenye joto. Kisha ziweke moja juu ya nyingine, uzishike kuelekea kwenye mwanga, uone kama zinagusana.